Lumbesa na Nyongeza

Neno kioski limefika kwetu kutoka mbali. Waajemi na Waturuki walilitumia kwa banda la kupumzikia bustanini, watu wa Ulaya wakalichukua wakauzia magazeti ndani yake, nasi tukalipokea tukaliweka pembeni mwa barabara, likauza sukari ya kupima, vocha, sabuni ya kipande na maandazi ya asubuhi. Hapa Mwanza ukimtuma mtoto kioski, anajua atamkuta mtu ndani. Anaweza kuwa mama mwenye duka, binti yake, au kijana aliyeachiwa biashara akasinzia juu ya daftari la madeni. Lakini mtu yupo, na ukipungukiwa shilingi mia moja kuna wa kumweleza.

Siku hizi neno hilo limeanza kuturudia na maana nyingine. Kioski ni mashine yenye skrini ya kugusa, imesimama ukutani au juu ya mguu wa chuma, inakutaka uchague lugha, uchague huduma, uweke namba, usubiri karatasi itoke. Ndani yake hamna mtu, na hiyo ndiyo sifa inayouzwa nayo.

Mwanza mashine hizi hazijajaa kama zilivyojaa kwenye migahawa ya Marekani, ambako mteja anaagiza chakula na kulipia bila kusalimiana na yeyote. Tulizo nazo ni za aina chache. Kuna ATM, ambazo hakuna tena anayezishangaa. Kuna mashine za kutoa namba za foleni benki na hospitalini. Kuna mita ya LUKU nyumbani, inayodai tarakimu 20 na haina habari na sababu zako za kuishiwa. Na kuna simu, ambayo nadhani ndiyo kioski kikubwa kuliko vyote. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, madirisha mengi ya kulipia umeme, maji, ada na kodi yamehamia kiganjani. Dar es Salaam, abiria wa kivuko cha Magogoni na Kigamboni hugusisha kadi getini. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ikimalizika, huku kwetu nako tutasafiri kwa tiketi za simu na mtandao kama wanavyosafiri wa Dar es Salaam na Dodoma.

Swali ninalolibeba ni la maadili. Je, kuna wakati ambapo mtu anastahili kuhudumiwa na mtu? Na kama upo, tunautambuaje, ili tusije tukatetea foleni na urasimu kwa jina zuri la utu?

Nitaanzia Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la samaki, kwa sababu pale jambo hili lina umri mkubwa kuliko skrini. Kila aliyewahi kununua au kuuza kwa kipimo cha macho anajua kuwa mkono wa mtu una tabia mbili. Tabia ya kwanza ni lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa kwa gunia moja. Anayejaza kilemba ni mwenye fedha na gari. Anayelia ni mwenye mazao yanayooza. Tabia ya pili ni nyongeza: mama muuza dagaa akishapima, anachota konzi moja zaidi na kuitupia kwenye mfuko wako, hasa kama amekuona na watoto. Hajaombwa, wala hakuna kanuni inayomlazimisha.

Serikali imepambana na lumbesa kwa miaka mingi kupitia Wakala wa Vipimo, na dawa yake ni mizani. Mizani haimjui tajiri wala maskini. Inasoma kilo ikanyamaza. Ni mashine, na ni mashine ya haki. Lakini mizani haina nyongeza pia. Ile konzi ya mwisho haitoki ndani yake. Kwa hiyo kila tunapoweka mashine mahali palipokuwa na mkono, tunaondoa lumbesa na nyongeza kwa pamoja. Wanaozisifu mashine wanaiona lumbesa iliyoondoka, na wanaozilaumu wanaililia nyongeza.

Kwanza niipe mashine haki yake. Niliwahi kufuatilia hati katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Siku mbili nilijibiwa kuwa mtandao uko chini. Siku ya tatu alikuja bwana mmoja, akaitwa kwa mkono kupitia mlango wa pembeni, na mtandao ukapanda. Sisi tuliokuwa kwenye benchi tulitazamana. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mmoja alikuwa bado anamhitaji karani yule yule. Baadaye huduma ya namna hiyo ilihamia mtandaoni: unajaza fomu, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu saa nne usiku ukiwa kitandani. Mashine haikuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kwa kijana asiye na mjomba ofisini, huo ni ukombozi, na sitaki mtu yeyote aniambie kuwa nimepoteza utu kwa kutokutana na karani yule.

Historia nayo haisemi kuwa kujihudumia kulibuniwa na watu wabaya. Mwaka 1916, huko Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambamo mteja alizunguka na kikapu akachukua bidhaa mwenyewe, badala ya kumsubiri muuzaji amletee kaunta. Bei zilibandikwa, zikawa moja kwa wote. Mwaka 1967 unanivutia zaidi. Tarehe 5 Februari mwaka huo lilitangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata mabenki nchini yakataifishwa, matawi ya Barclays yakiwemo. Tarehe 27 Juni mwaka huo huo, Barclays ile ile ikazindua huko Enfield, kaskazini mwa London, mashine ya kutoa fedha inayotajwa kuwa ya kwanza duniani. Sisi tulikuwa tunauliza kaunta ya benki ni mali ya nani. Wao walikuwa wanauliza kama kaunta inahitaji mtu. Maswali yote mawili yalikuwa ya msingi, na leo sisi tumefikiwa na la kwao kabla hatujamaliza kulijibu la kwetu.

Azimio lile lilikuwa na neno kujitegemea. Kiswahili kina silabi hii ndogo, ji, inayomrudishia mtu kitendo chake: kujisomea, kujitegemea, kujihudumia. Lakini ji ya kujitegemea ilikuwa ya watu wengi. Taifa lijitegemee, kijiji kijitegemee, maana yake watu wategemeane wao kwa wao wasimtegemee wa nje. Ji ya kujihudumia ni ya mtu mmoja mbele ya kioo. Akikwama, amejikwamisha. Hivyo ndivyo mashine inavyogawa lawama, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi nayo.

Bibi yangu anaishi Ukara. Kufika Mwanza anavuka kwa kivuko hadi Bugolora, anapanda gari hadi Nansio, kisha meli. Nilimpeleka katika hospitali moja ya hapa mjini, na mlangoni tukakutana na mashine ya namba. Skrini ilimpa vitufe vinne: mgonjwa mpya, anayerudi, bima, fedha taslimu. Bibi alikuwa anarudi, lakini kwa ugonjwa mpya. Bima alikuwa nayo, lakini kadi ilikuwa na kosa kwenye jina. Kwa maisha ya kawaida hilo si jambo la ajabu, ila halikuwa na kitufe. Akaitazama ile skrini kama anavyotazamwa mtu aliyekaa kimya baada ya kuamkiwa.

Aliyetusaidia ni mlinzi. Alisema, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, akauliza maswali mawili, akabonyeza, akampa karatasi. Kisha akaona kuwa bibi anayumba, akamsogezea kiti chake mwenyewe. Nilikaa pale karibu saa nzima nikihesabu, nikaona kuwa wengi waliofika walihudumiwa na yeye. Mashine ilisimama katikati kama kalamu yake. Ajira yake inasema alinde mali. Kazi anayofanya ni ya karani wa mapokezi, mkalimani wa Kisukuma, na wakati mwingine muuguzi wa macho. Halipwi kwa hizo tatu.

Tangu siku ile kila nilipoona mashine ya kujihudumia nimemtafuta mtu wake, na mara nyingi nimempata. ATM ina mlinzi au mteja wa nyuma kwenye foleni. Simu ina wakala chini ya mwavuli, au mjukuu. Wazee wengi hawajihudumii. Wanahudumiwa na mtu ambaye taasisi haimtambui. Na gharama yake si ndogo. Nimesikia namba ya siri ikitamkwa kwa sauti mbele ya ATM, mama akimtajia kijana asiyemjua, kwa sababu miwani imebaki nyumbani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kuilinda siri ambayo mpangilio wenyewe unamlazimisha mwenye siri aitamke.

Kwa hiyo mtu hakuondoka. Ameondolewa kwenye orodha ya mishahara tu. Jambo hili linaharibu hoja ya kwamba mashine imepunguza kazi; sehemu ya kazi imehamishiwa kwa mlinzi, kwa mjukuu, kwa mteja mwenzako, bila malipo na bila dhamana. Mlinzi akikosea kubonyeza, nani anawajibika?

Kufikia hapa ingekuwa rahisi kuhitimisha kuwa mkono wa mtu ni bora, turudishe madirisha. Ziwa linanikataza.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kutia nanga Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Hesabu ya marehemu peke yake inazidi mara mbili ya uwezo wa chombo. Maofisa walieleza siku zile kuwa ilikuwa vigumu kujua walikuwamo wangapi, kwa sababu aliyekatisha tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa na mashine ya tiketi ilipotea. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwenye ziwa hili tumeshazika watu ambao hatukuwa tumewahesabu.

Nilikuwa sekondari MV Nyerere ilipozama, na kwa mtu mwenye ndugu Ukara ile haikuwa habari ya redio tu. Nimefikiri sana juu ya sentensi ambayo kila msafiri wa visiwani ameisikia gatini: "Panda tu, tutasogeana." Ni sentensi ya huruma. Mama ana mzigo, jua linazama, kesho ni mbali, na anayemwambia apande hana nia mbaya. Hata hivyo geti la chuma lililofunga kwenye mtu wa 101, lisilosikia ombi la yeyote, lingekuwa na utu kuliko sisi sote tunaosogeana. Hapo ningeitaka mashine, tena kiziwi.

Basi kwa nini ningeitaka kiziwi gatini Bugolora, na nikaikataa hospitalini? Nimejaribu kutafuta tofauti isiyokuwa upendeleo wangu tu, na nimeipata kwa yule mama wa dagaa. Konzi anayokuongezea inatoka kwenye ndoo yake. Hilo ndilo linaloifanya iwe nyongeza. Angekuwa anaichota kwenye mfuko wa mteja wa jirani, tungemwita mwizi hata kama anatabasamu. Mlinzi wa hospitali alitoa kiti chake na dakika zake. Lakini anayesema "panda tu" anagawa kitu ambacho si chake: usalama wa kila aliyekwisha kupanda. Karani aliyemfungulia bwana yule mlango wa pembeni aligawa muda wa watu wa benchi. Hizo zote ni lumbesa zilizovaa nguo za nyongeza. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila huruma ni hili: inachotwa kwenye ndoo ya nani?

Mtu anaweza kunipinga hapa. Hospitalini, bibi akipitishwa mbele kwa sababu anayumba, je, si muda wa wengine umechotwa? Umechotwa, ndiyo. Lakini tazama inavyofanyika. Mtu anasema kwa sauti, "Jamani, tumpishe bibi," na foleni inageuka, inamwona, inasogea. Wanaolipa wameombwa, wameona sababu, na wangeweza kukataa. Kwenye mlango wa pembeni hakuna aliyeombwa. Kwenye kivuko, hata wangeombwa, abiria hawakuwa na namna ya kujua kina cha maji kilichobaki kati ya chombo na ajali. Ukarimu wa kutumia mali ya wengine unahitaji wengine hao wajue na waridhie, la sivyo si ukarimu.

Kutokana na hayo napata kipimo cha kutumia. Mahali ambapo huruma ya mmoja inalipwa na wengi wasiojua, yaani uwezo wa chombo, zamu ya foleni, bei, kodi, alama za mtihani, tuweke mashine na tuikaze. Tena hesabu yake ibaki nchi kavu, isizame na chombo. Na asikosekane mwenye mamlaka ya kuitii, maana mashine ya tiketi inaweza kutoa tiketi ya 102 bila kusita kama hakuna aliyeiambia isimame. Lakini mahali ambapo tatizo la mtu halijapata jina bado, ambapo anahitaji kusikilizwa kwanza ndipo ijulikane amekuja kwa nini, hapo mtu anastahili mtu. Mashine inaweza kupokea jibu la swali lililokwisha kuandikwa. Haiwezi kumsaidia mgonjwa kulipata swali.

Wenzangu darasani hunijibu kuwa hili ni tatizo la kizazi kimoja. Bibi zetu wakiondoka, watakaobaki ni watu waliozaliwa na simu mkononi. Siamini. Sisi nasi macho yatafifia na vidole vitatetemeka, na skrini za wakati huo hazitakuwa hizi tulizozizoea. Tena kukwama si kwa wazee pekee. Mtu aliyefiwa leo asubuhi na anafuatilia cheti hasomi vizuri, hata awe na shahada. Huko Uingereza, nchi isiyo na uhaba wa wanaojua kusoma, maduka ya Booths yalitangaza Novemba 2023 kuwa yanaondoa mashine za kujilipia karibu katika matawi yake yote na kurudisha watu. Hawakufanya hivyo kwa kuwa wateja wao hawajui teknolojia.

Wengine wanasema ninatamani ya zamani. Hapana. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilikwisha, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena usiku kucha ng'ambo ya maji. Nilifurahi, na ningefurahi tena. Nilichojiuliza ni juu ya akina mama waliokaanga samaki na kuuza chai kwa wale waliosubiri. Daraja halikuwakosea. Lakini kila tunapookoa muda wa wengi, kuna watu wachache ambao riziki yao ilikuwa ndani ya muda ule, na si vibaya kuwauliza wanakwenda wapi.

Hoja ya gharama ndiyo ngumu, maana taasisi zetu hazina fedha za kuweka karani kila dirisha. Siombi hivyo. Mashine ikishika kazi za makarani watano, akiba imepatikana, na akiba hiyo imetoka kwetu, kwa kuwa sasa sisi ndio tunaobonyeza. Ninachoomba ni konzi moja irudi. Kando ya kila mashine ya huduma ya umma pawe na mtu mmoja, aajiriwe kwa kazi hiyo, afundishwe kutunza siri, awe na kiti cha pili kwa mgeni, na awe na mamlaka ya kusema, "Huyu hana kitufe, lakini ana haki." Vituo vya reli vya hapa Mwanza bado vinajengwa. Meza ya mtu huyo inaweza kuchorwa leo kwenye ramani, kabla ya mashine kufungwa. Na kwenye hospitali ile ambako mtu huyo tayari yupo, amevaa sare ya ulinzi, hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Waanze kwa kumwandikia mkataba mpya.